Mashine Isiyo na Chuma: Jibu kwa Wasemao Kwamba Mantiki si Utamaduni

Yako maneno mawili yanayosemwa sana miongoni mwa wasomi wetu, na kwa kuwa wayasemao ni watu wanaoheshimiwa kwa elimu yao, vijana huyapokea bila kuyapima. Neno la kwanza ni hili: kompyuta ni chombo tu, kama jembe au cherehani, yatosha sisi tujue kukitumia, na habari za namna kinavyofikia majibu yake ni shughuli ya hao waliokitengeneza. Neno la pili ni pacha wa lile la kwanza: hata kama tungetaka kuzijua habari hizo, Kiswahili hakiwezi kuzibeba, kwani Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya siasa na ya sokoni, wala si lugha ya mantiki.

Makala haya yanakusudia kuyapinga maneno hayo yote mawili. Sitayapinga kwa kelele za uzalendo, maana kelele hazijapata kumshinda mtu mwenye hoja. Nitayapinga kwa mfano mmoja nitakaoufafanua hatua kwa hatua, ili mwalimu aweze kuuchukua na kuuandika ubaoni kesho asubuhi. Mfano huo ni mashine dhahania zinazotekeleza lugha za programu za mantiki, na hasa ile iliyobuniwa na David Warren mwaka 1983. Nimeuchagua kwa makusudi. Ukiutazama kwa mbali waonekana kuwa jambo kavu la mafundi wa nchi za mbali. Ukiukaribia, utaona kwamba ndani yake mmejaa lugha, sarufi, ukoo na maamuzi ya binadamu. Yaani mambo yale yale ambayo sisi huyaita utamaduni.

Chanzo chake ni sarufi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Marseille kusini mwa Ufaransa, Alain Colmerauer na wenzake hawakuwa wakitafuta njia ya kupiga hesabu za benki. Walitaka mashine iweze kuzielewa sentensi za Kifaransa na kujibu maswali kwa Kifaransa. Kabla ya hapo Colmerauer alikuwa Montreal, nchini Kanada, akishughulikia tafsiri ya mashine kutoka Kiingereza hadi Kifaransa. Katika kazi hiyo ya Marseille alishirikiana na Robert Kowalski, mtaalamu wa mantiki aliyekuwa Edinburgh, ambaye alionyesha kwamba kauli za mantiki zaweza kusomwa kama maagizo ya kazi. Mwaka 1972 ikazaliwa lugha ya Prolog, na jina lake limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuandika programu kwa mantiki.

Ndugu msomaji, litafakari jambo hili. Wale Wafaransa hawakuambiwa kwamba lugha yao ni lugha ya mapenzi na mapishi tu. Walikaa wakaitazama sarufi yao wenyewe, wakaifanya kuwa malighafi ya uvumbuzi, na kutokana na malighafi hiyo wakatoa chombo ambacho kilitumiwa baadaye Uingereza, Japani, Uswidi, Marekani na kwingineko. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba elimu ya lugha ni jambo moja na elimu ya mashine ni jambo jingine, anasema kinyume cha historia yenyewe.

Programu ya mantiki ni nini? Katika lugha nyingi za kompyuta mwandishi huiagiza mashine: fanya hili, kisha lile, kisha rudia. Katika programu ya mantiki mwandishi huweka kauli za mambo yaliyo kweli, pamoja na kanuni zinazoyaunganisha, kisha huuliza swali. Tuchukue mfano wa ukoo. Vitabu vya kigeni hupenda sana mifano ya ukoo, na hapo ndipo mwanafunzi wetu huanza kupotea, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa ndugu mume wa baba na kwa ndugu mume wa mama, na hata kwa mume wa shangazi. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. Baba mdogo si mjomba, na mjomba si baba mkubwa. Kanuni yetu ni nyoofu:

Fulani ni mjomba wa mtoto, ikiwa yuko mwanamke aliye mama wa mtoto huyo, na Fulani ni ndugu mume wa mwanamke huyo.

Hiyo ni kanuni kamili ya programu ya mantiki. Haikuhitaji kuongezwa wala kupunguzwa neno. Sasa tuweke kauli nne katika daftari la mashine, kwa mpangilio huu: Mwanaidi ni mama wa Saidi. Asha ni mama wa Juma. Rehema ni mama wa Tatu. Hamisi ni ndugu mume wa Asha. Kisha tuulize: Nani ni mjomba wa Juma? Mtoto wa darasa la tano atajibu kwamba ni Hamisi. Lakini mashine italipataje jibu hilo? Hapa ndipo wale wasemao kwamba kompyuta ni jembe tu hunyamaza, na hapa ndipo sisi tunapopaswa kuanza kusema.

Mashine yenyewe

Watekelezaji wa kwanza wa Prolog walikuwa na mwendo wa polepole, kwa kuwa programu ilisomwa na kufasiriwa upya kila ilipoendeshwa. Mwaka 1977, huko Edinburgh, Warren pamoja na wenzake walitengeneza mfasiri aliyeigeuza programu ya Prolog kuwa maagizo ya kompyuta aina ya DEC-10. Kazi hiyo iliwafumba midomo wengi waliodai kwamba mantiki haiwezi kamwe kuwa na kasi. Kisha, mwaka 1983, akiwa katika taasisi ya SRI International huko Menlo Park, California, Warren akaandika ripoti fupi iliyoeleza mashine mpya. Mashine hiyo haikuwa na waya, wala taa, wala skrubu. Ilikuwa orodha ya maagizo pamoja na maelezo ya mahali pa kuwekea mambo. Ndiyo maana huitwa mashine dhahania: ni mashine iliyomo katika akili na katika karatasi. Mtu yeyote mwenye kompyuta yoyote anaweza kuijenga juu ya kompyuta yake, na programu zilizofasiriwa kwa ajili ya mashine hiyo zitakwenda.

Mashine hii ina sehemu chache. Kuna rejista, ambazo ni vyumba vidogo vya kuwekea mambo yanayoulizwa kwa wakati huo. Kuna lundo, ambamo hujengwa vitu vyenye sehemu nyingi, kama vile orodha. Kuna rundo la kazi, ambalo juu yake huwekwa kumbukumbu za kanuni ambazo hazijamalizika, na pia alama za njia panda. Na kuna daftari la nyayo, ambalo kazi yake tutaiona punde.

Tuirudie ile kazi ya kumtafuta mjomba wa Juma. Mashine huweka katika chumba cha kwanza jina lisilojulikana, yaani Nani, na katika chumba cha pili jina la Juma, kisha huita kanuni ya mjomba. Kanuni hiyo ina sehemu mbili, nayo mashine haiwezi kuzifanya zote kwa pamoja. Kwa hiyo huweka juu ya rundo kumbukumbu ya mambo yatakayohitajika hata baada ya sehemu ya kwanza kwisha: huyo Nani, na huyo mwanamke asiyejulikana bado. Juma hana haja ya kuwekwa humo, kwa sababu akishaulizwa katika sehemu ya kwanza hahitajiki tena. Angalieni uangalifu huo: mashine haibebi mzigo usio na faida.

Sasa yaulizwa: mwanamke yupi ni mama wa Juma? Zipo kauli tatu za mama, nayo mashine haijui ipi ndiyo. Husimama njia panda. Huweka alama juu ya rundo isemayo: nilikuwa hapa, hali ilikuwa hivi, na njia ambazo sijazijaribu ni hizi. Kisha hujaribu kauli ya kwanza. Mwanamke asiyejulikana hupewa jina la Mwanaidi, na tendo hilo huandikwa katika daftari la nyayo. Kisha hulinganishwa mtoto: kauli yasema Saidi, swali lasema Juma. Hayapatani. Mashine hurudi njia panda, hulifungua daftari la nyayo, hufuta kila jina lililotolewa tangu alama ile ilipowekwa, na mwanamke huwa hajulikani tena kama alivyokuwa. Kisha hujaribu kauli ya pili. Asha hupatana, na Juma hupatana na Juma. Njia ya tatu inabaki imewekwa akiba.

Ifikapo sehemu ya mwisho ya kanuni, yaani kutafuta ndugu mume wa Asha, mashine hufanya jambo la busara. Kwa kuwa baada ya hapo kanuni haina kazi nyingine, huiachia ile kumbukumbu yake kabla ya kwenda, wala haingoji mpaka irudi. Ikiwa hakuna njia panda inayoihitaji kumbukumbu hiyo, mahali pake hutumika tena. Kwa hila hiyo kanuni inayojiita yenyewe mara milioni moja yaweza kwenda bila rundo kurefuka. Hatimaye Hamisi hupatikana, na jibu hutolewa.

Nauliza: ni neno gani katika maelezo hayo ambalo Kiswahili kilishindwa kulibeba? Njia panda ni neno la mababu zetu, tena linaeleza jambo lenyewe vizuri kuliko istilahi nyingi za kukopa. Nyayo ni neno la wawindaji. Lundo na rundo ni maneno ya mkulima. Rejista tumeikopa, wala si aibu kukopa. Shule, daftari na sarufi nazo tulizikopa, na leo ni zetu. Inashangaza kwamba tumetumia miaka mingi kugombana iwapo kompyuta iitwe kompyuta au tarakilishi au ngamizi, ilhali viungo vya ndani na kazi zake tumeviacha bila majina. Ni sawa na watu wanaogombea jina la nyumba huku hakuna hata mmoja wao aliyepata kuingia ndani.

Ubao na chaki vyatosha

Wapinzani wetu hukimbilia hoja ya umaskini. Husema kwamba shule zetu hazina kompyuta za kutosha, hivyo kuzungumza juu ya mashine za mantiki ni anasa. Hoja hii yaonekana ya huruma, lakini imekosa kuelewa. Mashine dhahania ndiyo mashine pekee ambayo umaskini hauwezi kuizuia. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini aweza kuijenga darasani. Mmoja awe rejista ya kwanza, mwingine ya pili; mmoja ashike daftari la nyayo; wengine wawe kauli, kila mmoja na karatasi yake; na mmoja asimame njia panda. Wakishaitekeleza kanuni ya mjomba mara tatu, watakuwa wameelewa jambo ambalo watumiaji wengi wa kompyuta za bei kubwa hawalijui.

Historia yetu yenyewe yatufundisha hilo. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka mingi ilipita kabla ya marufuku hiyo kuondolewa. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya kukua kwa Prolog. Sikusudii hapa kuwahukumu waliotoa amri hiyo. Taifa lililokuwa na uhaba wa fedha za kigeni lilikuwa na haki ya kuogopa kununua vyombo vilivyolitia hasara. Nasema tu kwamba amri ile ilizuia chuma, wala haikuzuia fikra. Hakuna forodha iwezayo kuizuia karatasi yenye kanuni kumi. Ikiwa hatukuisoma mashine ya Warren wakati huo, si kwa sababu ilikatazwa bali ni kwa sababu tulikwisha kuamini kwamba mashine ni chuma, na kwamba asiye na chuma hana la kufikiri.

Walio na chuma nao hawakupona kwa sababu ya chuma. Mwaka 1982 Serikali ya Japani ilianzisha mradi mkubwa wa kompyuta za kizazi cha tano, chini ya taasisi iliyoitwa ICOT, iliyoongozwa na Kazuhiro Fuchi. Wajapani waliichagua programu ya mantiki kuwa msingi wa kompyuta zao za baadaye, na wakajenga mashine za chuma za pekee kwa ajili ya kazi hiyo. Dunia ilitikisika. Uingereza ikaanzisha mpango wake wa Alvey mwaka 1983, na nchi za Ulaya mpango wa ESPRIT mwaka 1984, kwa hofu ya kuachwa nyuma. Mradi mkuu wa Japani ulipofikia kikomo mwaka 1992, mashine zile hazikuwa zimeuteka ulimwengu. Kompyuta za kawaida zilikuwa zimeongezeka kasi mwaka hadi mwaka, na mfasiri mzuri aliyeijenga mashine dhahania juu ya kompyuta ya kawaida alitosha kuondoa faida ya chuma cha pekee. Wajapani walipata elimu nyingi katika kazi ile na kuwafunza vijana wengi, hilo tusilidharau. Lakini kilichobaki na kuendelea kusomwa ni fikra. Ile ripoti fupi ya mwaka 1983 iliishi kuliko makabati ya chuma.

Tena haikuishi makumbushoni. Lugha ya Erlang, iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson huko Uswidi kwa ajili ya mitambo ya simu, kwanza ilitekelezwa kwa Prolog, na Joe Armstrong, mmoja wa wabunifu wake, alipoitengenezea mashine yake dhahania alipata mwongozo katika mashine ya Warren. Mitambo ya WhatsApp imejengwa kwa Erlang. Kwa hiyo mwalimu anayesema kwamba mambo haya hayamhusu, na kisha akawatumia wenzake ujumbe huo huo kwa simu yake, amekwisha kulitumia tawi la mti ambao anasema hauna kivuli kwake.

Maamuzi yaliyofichwa

Sasa nifike kwenye jambo zito zaidi. Wale wasemao kwamba kompyuta ni chombo tu hudhani kwamba mashine haina upande. Kwamba ikijibu, imejibu ukweli mtupu. Mashine ya mantiki ingekuwa ndiyo ya kwanza kustahili sifa hiyo, kwani mantiki ndiyo msingi wake. Hebu tuitazame kama inastahili.

Kwanza, mpangilio. Wapo wanaowafundisha vijana kwamba katika programu ya mantiki yatosha kusema unachotaka, na namna ya kukipata uiachie mashine. Si kweli. Mwaka 1979 Kowalski aliandika kwamba utaratibu wa kutenda ni mantiki pamoja na udhibiti, na wengi wamelishika neno la kwanza wakalisahau la pili. Katika mfano wetu mashine ilisimama njia panda kwa sababu mama aliandikwa kwanza na mtoto pili, na mashine ya Warren hutazama jambo la kwanza ili kujua kauli zipi zinafaa. Tungaliandika mtoto kwanza na mama pili, ingaliiendea kauli ya Juma moja kwa moja bila kupapasa. Na mtu akiandika kwamba mhenga wa mtu ni mhenga wa mzazi wake, akamtanguliza mhenga kabla ya mzazi, mashine itauliza mhenga ni nani, na ili kujibu itauliza tena mhenga ni nani, mpaka kumbukumbu iishe. Kauli ni ya kweli kabisa, na jibu halipatikani kamwe.

Pili, kasi. Mantiki hutaka kwamba jina lisilojulikana lisilinganishwe na kitu ambacho ndani yake limo jina hilo hilo, kama vile mtu hawezi kuwa ndani ya mfuko ambao yumo ndani ya mfuko wake mwenyewe. Kulikagua jambo hilo kila mara hupoteza muda. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa Prolog waliuacha ukaguzi huo kwa makusudi. Waliuuza usahihi kidogo ili wanunue kasi. Huenda walifanya vyema, lakini walifanya uamuzi, na uamuzi ni tendo la binadamu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni neno Hapana. Uliza mashine yetu: je, Rehema ana ndugu mume? Itatafuta, haitaona, na itajibu Hapana. Lakini je, ni kweli kwamba Rehema hana ndugu mume? Hatujui. Huenda anao saba, ila hakuna aliyewaandika. Hapana ya mashine haina maana ya kwamba jambo si kweli. Ina maana ya kwamba sikuliona katika daftari langu. Keith Clark alilichambua jambo hili mwaka 1978, na wataalamu wanalijua vizuri. Mwananchi hajaambiwa. Mzee anayefuata malipo yake akajibiwa kwamba hayumo, mwanafunzi anayetafuta jina lake akaambiwa halipo, mkulima ambaye shamba lake halionekani: wote hawa hukutana na Hapana ya namna hiyo, na karani aliyefundishwa kwamba mashine haikosei humrudisha mtu nyumbani kwa unyonge. Karani aliyefundishwa namna mashine inavyotafuta angeuliza swali la pili: daftari limekamilika? Tofauti kati ya makarani hao wawili ni tofauti kati ya raia na mtumwa. Je, elimu ya namna hiyo si utamaduni? Je, ni anasa?

Wengine watasema kwamba zama za mashine za mantiki zimekwisha, kwa kuwa siku hizi ziko mashine zinazojifunza zenyewe kutokana na maandishi mengi na kutunga majibu yenye ufasaha. Hiyo ni sababu ya kuisoma mashine ya mantiki zaidi, si pungufu. Mashine ya mantiki yaweza kuonyesha njia iliyopita, kauli kwa kauli, mpaka ikafika kwa Hamisi. Ukiona imekosea utajua ni kauli ipi ya kulaumu. Mashine hizo nyingine hazina daftari la namna hiyo la kumfunulia muulizaji. Kijana aliyepata kuziona nyayo za jibu hatakubali kwa urahisi jibu lisilo na nyayo.

Walimu wa Kiswahili ndio wenye ufunguo

Nimesema kwamba mantiki hii ilizaliwa katika sarufi. Nihitimishe hoja yangu kwa kuirudisha huko. Tendo kuu la mashine hii, lile la kulinganisha swali na kauli mpaka vikubaliane, lina istilahi yake katika lugha za kigeni, na watu wamehangaika kuitafsiri. Lakini walimu wetu wa Kiswahili wamekuwa nayo ubaoni siku zote. Ni upatanisho.

Kitabu kidogo kimepotea. Vitabu vidogo vimepotea. Mwanafunzi anajua kwamba hawezi kusema kitabu vimepotea. Mwandishi wa programu ya mantiki atasema hivi: sentensi ni kundi la nomino la ngeli fulani, likifuatwa na kitenzi cha ngeli hiyo hiyo. Ngeli hiyo ni jina lisilojulikana mpaka mashine ikutane na kitabu. Hapo hupewa thamani, na kuanzia hapo kila kitu lazima kipatane nayo. Ikija vimepotea, haipatani, na mashine hurudi njia panda. Kanuni za namna hii zilielezwa na Colmerauer, kisha na Fernando Pereira na Warren mwaka 1980, kwa mifano ya Kifaransa na Kiingereza, lugha ambazo upatanisho wake ni mchache ukilinganisha na wetu. Kisha chukua kiongozi amefika. Umbo ni la kitabu, lakini upatanisho ni wa mtu, kwa sababu kiongozi ana uhai. Hapo kanuni moja haitoshi. Lazima iwepo kanuni ya viumbe hai, tena itangulie ile ya umbo. Mwanafunzi atakayeiandika programu hiyo atakuwa amejifunza mashine na sarufi kwa pigo moja, na hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachomfanyia kazi hiyo.

Sisemi kwamba Kiingereza kitupwe. Ripoti ya Warren iliandikwa kwa Kiingereza, na atakayetaka kuwa fundi wa kazi hii hana budi kuisoma. Lakini kusoma maandishi ya wengine si sawa na kufikiri kwa ulimi wa kuazima tangu hatua ya kwanza. Hata leo, katika shule zetu nyingi za sekondari, sayansi hufundishwa kwa lugha ambayo wanafunzi wengi huielewa kwa shida, na mtoto anayeshindwa kuieleza kanuni hupewa alama ya asiyeielewa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na tangu hapo istilahi zimetolewa kwa maelfu. Istilahi iliyofungiwa kabatini, hata hivyo, ni kama mbegu iliyofungiwa ghalani: haioti mpaka imwagwe udongoni, na udongo wake ni darasa.

Basi, ndugu walimu, msingoje kompyuta ziletwe, wala msingoje waraka. Chukueni chaki. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati waingie darasani pamoja kipindi kimoja, mmoja alete upatanisho na mwingine alete kanuni, na wanafunzi wasimame njia panda wakijaribu na kurudi nyuma mpaka wapate jibu. Na ninyi vijana, msikubali kuitwa watumiaji, kana kwamba hiyo ndiyo sifa yenu ya mwisho. Mtumiaji huambiwa Hapana akaondoka. Mwenye kuijua mashine huuliza: umetafuta wapi, kwa mpangilio gani, na ni nani aliyeliandika hilo daftari?